Koti Lililolazwa Kitandani

Akinyi alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nachagua maharagwe barazani kwangu, Homa Bay. "Anti, Mama ametuacha jana jioni. Tutamzika Masara wiki ijayo. Utakuja?" Nikasema nitakuja. Nilipokata simu niliona nimemwaga maharagwe yote sakafuni, mazuri na mabovu, na nimeyakanyaga. Nimezika watu wengi, wengine wa damu yangu, na sikumbuki kumwaga chochote. Lakini huyu mama nilikuwa nimemkwepa karibu miaka thelathini. Kila mwaka nilijiambia nitaenda kumwona, likizo hii, Krismasi hii, nikistaafu. Sasa nimestaafu, tena mapema, na yeye hayupo. Nilikaa pale chini nikiokota punje moja moja, mtu mzima mimi, mwalimu mkuu mzima niliyetetemesha wengine. Acha nieleze nilichofanya, maana watu waliokuwepo wanapungua, na aliyebaki anayejua yote vizuri ni mimi.

Nilifika Masara katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne kwenye bahasha, na dini kali kuliko ya mchungaji. Mimi ni Mkuria. Masara ni kwa Wajaluo, pale Suna Magharibi ambapo watu huchimba dhahabu kwa mikono, na kanisa letu dogo lilikuwa linatafuta mtu wa kufundisha watoto wa chekechea na kuandika kumbukumbu za vikao. Jina la kanisa sitalitaja, lina watu wazuri hadi leo. Wakanipa kazi zote mbili, mwalimu siku za kazi na karani siku ya ibada, na wakanitafutia mahali pa kukaa kwa mjane mmoja muumini, Mama Akinyi. Mumewe alikuwa amefukiwa na udongo shimoni mwaka uliotangulia. Mama mwenyewe alikuwa mrefu, mweusi, mwenye mwanya, na mikono iliyokauka kwa maji, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuosha. Wanaume walichimba mawe, wanawake wakayaponda mpaka yakawa unga, kisha wakaosha unga ule kwenye karai, wakizungusha polepole, mpaka libaki doa la njano ambalo wewe mgeni hulioni hata ukionyeshwa. Mara ya kwanza aliponionyesha nilisema sioni kitu. Akacheka mpaka akaweka karai chini. "Mwalimu, wewe umesoma mpaka macho yameisha."

Nyumba ile ninaweza kuichora hata sasa. Ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vitatu. Sebule ilikuwa na viti vinne vya mbao vilivyovikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe, na picha ya harusi yao ukutani, marehemu amenyoosha shingo kama mtu aliyeambiwa asipumue. Chumba changu kilikuwa upande wa kushoto, na chake upande wa kulia. Vyote viwili havikuwa na milango, ni pazia tu, langu la kijani na lake la maua ya samawati. Jioni tulikula sebuleni, watatu, mimi na yeye na Akinyi, ambaye alikuwa na miaka tisa na maswali elfu. Ugali ulikuwa wa mtama na muhogo, mweusi, mgumu, unaokaa tumboni mpaka kesho. Omena, wale dagaa wa ziwani, walitoka Sori, akiwakaanga kwanza wakavu ndipo aweke nyanya. Mimi alinipa kipande kikubwa kila siku. Nikikataa, ananiambia mwalimu mwenye njaa hufundisha watoto matusi. Nililishwa hivyo miezi minane, na sikuwahi kuosha hata sufuria moja bila yeye kuninyang'anya. Ninayataja haya makusudi, ili ujue ni nani niliyemfanyia nilichomfanyia.

Mwaka huo Mzee Eliakim, mzee mkuu wa kanisa, alikuwa anatufundisha nabii Hosea. Mzee Eliakim alikuwa mwembamba, msafi, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kupiga kelele mimbarani. Alisoma tu, akafunga macho, akaeleza. Nami nilishangaa, jamani! Sikuwa nimewahi kusikia maneno kama yale yakitamkwa kanisani mbele ya wake za watu. Kwamba Mungu alimwambia nabii aoe mwanamke mzinzi, kwa sababu watu wa Israeli nao walikuwa wamemwacha Mungu na kuwaendea Mabaali, na huko kuabudu sanamu ni sawasawa na mke kutoka nje ya ndoa. Mzee Eliakim alituambia kuwa mungu wa uongo si kosa la akili, kana kwamba mtu amehesabu vibaya. Ni uzinzi. Mungu ni mume, sisi ni mke, na sanamu ni mwanamume mwingine aliyeingizwa ndani ya nyumba. Akasema yule mke alijidanganya kwamba wapenzi wake ndio wanaompa nafaka na mafuta, na hakujua kuwa aliyempa nafaka siku zote ni mumewe. Mwili ulinisisimka. Nilikuwa msichana ambaye hajawahi hata kushikwa mkono, na sasa niliona usaliti kila mahali. Siku hiyo jioni, tukiwa tunakula, nilimweleza Mama Akinyi somo lote upya kana kwamba hakuwa amekaa benchi la tatu akisikiliza. Akatoa mfupa kinywani, akauliza, "Huyo mke wa Hosea, kuna mtu alimuuliza nyumbani kulikuwa na njaa kiasi gani?"

Nilikasirika! Nilimwona kama anamtetea mwanamke mchafu. Nilimjibu kwa ukali kwamba dhambi haiulizwi sababu. Akaniangalia, mwanya wake ukaonekana, akasema, "Sawa mwalimu," akaniongezea mboga.

Mvua zikaanza. Na hapa lazima nieleze jambo la kwao ambalo wakati ule nililijua nusu tu, na ile nusu niliyoijua ndiyo iliyoniharibu. Kwa mila yao, mwanamke akifiwa na mume hurithiwa. Mwanamume wa ukoo huingia nyumbani kwake, na hilo wanaliita tero. Kabla hajarithiwa, mjane hawezi kupanda shamba. Na kwa kuwa marehemu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza, wake za wadogo zake nao hawawezi kumpita na kupanda kabla yake. Kwa hiyo pale kwa kina Akinyi mashamba manne yalikaa yamelimwa, meusi, yakinywa mvua, na hakuna aliyetia hata punje. Mama mkwe wake, ambaye wote tulimwita Dani, yaani nyanya, alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na alikuwa amekataa kula chochote kilichopikwa jikoni kwetu. Kila jioni nilisikia watu wanakuja sebuleni, Dani na shemeji yake Mama Akinyi aitwaye Okoth na wengine, wanaongea Kijaluo kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa chumbani nyuma ya pazia la kijani nikisahihisha madaftari. Nilikuwa na Kijaluo cha salamu na sokoni tu. Nilisikia jina la marehemu likitajwa, nilisikia kanisa likitajwa, na nilimsikia Mama Akinyi akisema "ooyo, ooyo," yaani hapana, hapana, kwa sauti ile ile ya chini, bila kugomba. Asubuhi yake sikumuuliza walikuwa wanataka nini. Nilimuuliza kama kuna sukari ya chai.

Baada ya kama wiki mbili za vikao vile, siku moja asubuhi, nguo zilikuwa kwenye kamba na mvua ikaanza bila onyo. Mama Akinyi alikuwa mtoni. Nilizikusanya nguo mbio mbio, na ili nisichanganye zake na zangu nikaingia chumbani kwake kuziweka kitandani. Nikafungua pazia la maua nikasimama. Kitandani palikuwa na koti la mwanamume. Koti kubwa la rangi ya udongo, limenyooshwa, mikono imepangwa pembeni vizuri, kola imeegemezwa kwenye mto. Lilinuka tumbaku. Nguo zilinianguka. Niliona mara moja, kama vile nimeonyeshwa sinema, mwanamume anayeingia humu nikiwa nimelala upande wa pili wa sebule, mimi karani wa kanisa, na mtoto wa miaka tisa! Niliziokota nguo, nikazirudisha nje zinyeshewe ili asijue nimeingia. Hebu fikiria akili hiyo. Siku iliyofuata, alipotoka, nilichungulia tena. Liko. Siku ya tatu pia liko. Siku ya nne halikuwepo, na Mama Akinyi alichukua kikapu cha mbegu akaenda shambani akiimba, na nyuma yake wake za shemeji zake nao wakatoka, kila mmoja na jembe na mbegu zake, shamba hadi shamba.

Nilikwenda kwa Mzee Eliakim jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira takatifu, au ndivyo nilivyoiita. Nilimwambia kwamba mjane wetu ana mwanamume, na kwamba nimeliona koti lake kwa macho yangu siku tatu. Mzee alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini taratibu. Nilitarajia ashtuke kwa neno mwanamume, lakini alichouliza kilinishangaza.

"Robi, koti lilikuwa limetundikwa, au limelazwa?"

"Limelazwa, Mzee. Kitandani. Limeegemezwa kwenye mto."

"Na sasa amepanda?"

"Amepanda leo."

Akafumba macho kama anavyofanya mimbarani. "Basi hakuna mwanamume," akasema. "Ni vibaya kuliko hivyo." Akanieleza kwamba mjane asiyetaka kurithiwa anaweza kuletewa koti la shemeji, likalala kitandani kwake siku kadhaa, na wazee wa mila wakalihesabu kama mume ameingia. "Mwanamume angekuwa dhambi ya mwili," akasema. "Hili ni ibada. Amekubali kwamba nafaka yake inatoka kwa koti." Na mimi, badala ya kusikia kwamba hakuna mwanamume, kwamba yule mama hakuguswa na mtu, nikasikia Hosea. Nafaka! Ilikuwa imeingia sawasawa na somo kama ufunguo kwenye kufuli. Nikashukuru Mungu kwamba nimefunuliwa.

Kikao kilikaa siku ya ibada baada ya mahubiri, wazee watano na mimi na daftari langu. Mama Akinyi aliletwa akakaa kwenye kiti cha peke yake, kitambaa cheupe kichwani. Aliponiona nimeshika kalamu alitabasamu kidogo, akidhani, nafikiri, kwamba ana mtu wake humo ndani. Mzee Eliakim akamuuliza koti lilikuwa la nani.

"La shemeji yangu Okoth."

"Lililala kitandani kwako?"

"Lililala."

"Na wewe ulilala wapi?"

"Chini, kwenye mkeka, na mtoto." Akageuka akawaangalia mmoja mmoja. "Wazee wangu, nyinyi ni wa hapa, mnajua. Wiki mbili nimekataa. Walitaka kuniletea mtu. Okoth mwenyewe ni Mkristo, hakutaka, mimi sikutaka. Tukasema basi koti. Koti halina mikono ya kunishika. Nilipiga magoti pale pale kwenye mkeka nikamwambia Mungu, unaniona nimelala wapi."

Nilisikia kalamu yangu ikisimama. Mungu wangu! Hakuwa amejificha hata kidogo. Alikuwa amepigana vita peke yake, chumba cha pili kutoka kwangu, na alikuwa ameshinda. Nilimtazama Mzee Eliakim nikitegemea atasema tumekosea. Sura yake ilikuwa na huzuni ya kweli, hilo nalisema kwa haki yake. "Dada yangu," akasema, "sanamu nayo haina mikono ya kushika. Haina pumzi. Na bado Mungu aliiita mume mwingine. Kosa haliko kwenye koti. Liko kwenye kulipatia kitanda."

"Ningefanya nini, Mzee? Mashamba manne yalale njaa? Wake za shemeji zangu wana watoto."

"Ungemwachia Mungu."

"Mungu ndiye nilimwachia," akasema. "Nyinyi ndio sikuwaachia."

Mzee mmoja akasema huo ni ujeuri. Wakapiga kura. Wanne walinyoosha mkono, mmoja akaangalia viatu vyake. Mimi sikuwa na kura, lakini nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusimama nikasema nimelala nyumba ile miezi minane na sijaona mwanamume, kwamba mama huyu huomba asubuhi kabla jogoo hajawika, kwamba mimi ndiye niliyeleta habari na nimeileta nusu. Sikusema. Mzee Eliakim akanipa daftari la washiriki, nikatafuta jina la Mama Akinyi, Dorka, nikaweka rula, nikalikata kwa kalamu nyekundu. Mstari ulitoka umenyooka sana.

Aibu kubwa ni kwamba bado nilikuwa naishi kwake! Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilizunguka sokoni mpaka watu wanafunga, kisha nikarudi kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikipanga maneno njiani. Sebuleni meza ilikuwa imeandaliwa. Ugali, omena, bakuli la maji ya kunawa. Akinyi alikuwa amekwisha kula, ametumwa kwa Dani. Mama Akinyi alinimwagia maji mikononi mwenyewe, akakaa mbele yangu.

"Kula," akasema.

"Mama Akinyi, mimi..."

"Kula kwanza."

Nikala. Sijawahi kula chakula kigumu namna ile. Alisubiri mpaka nikamaliza kabisa, akaondoa sahani, akarudi akakaa. "Wao wanajua koti ni nini, na wameamua. Hao sina neno nao," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeongelea bei ya omena. "Wewe hukujua. Umekula kwangu miezi minane. Mlango wangu ni pazia. Ungeniuliza tu."

Mimi nililia, yeye hakulia. Nilihama baada ya siku tatu, nikapata nafasi ya kufundisha Homa Bay, na yaliyofuata niliyapata kwa vinywa vya watu waliokuja hospitali au sokoni. Mke wa Okoth alisikia kwamba mumewe ametajwa kanisani pamoja na mjane, akawasha moto wa ugomvi. Okoth akasema hataki tena habari ya koti, hajui lolote. Basi Dani na wazee wakasema kupanda kule kumeharibika, si halali, na kama hata kanisa lenyewe limesema koti ni mume, basi mume aje kikamilifu. Kanisa ndilo lililokuwa ngao yake, kila mara alisema dini yake inakataa, na sasa dini ilikuwa imemkana hadharani. Aliletwa mtu kutoka upande wa Sori, mtu asiye wa ukoo, anayefanya kazi hiyo ya kuwaingia wajane. Alikaa mwaka na zaidi, akala, akaondoka. Alimwachia ugonjwa ambao siku zile hakuna aliyethubutu kuutaja. Mama Akinyi aliugua sana, karibu afe, kisha dawa zikaja, akaishi. Aliendelea kuosha dhahabu. Haya yote yalitokea kwa sababu msichana mmoja alifungua pazia kuweka nguo.

Mwezi wa kwanza pale Homa Bay, kwenye chumba cha kupanga chenye dirisha moja, nilifungua Hosea peke yangu. Kule Masara tulisomeshwa sura mbili, kisha Mzee Eliakim akahamia somo lingine. Nikasoma ya tatu. Ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Mungu anamwambia nabii aende tena, akampende mwanamke yule yule, na nabii anakwenda anamkomboa anamrudisha nyumbani. Nilisoma mara tatu. Hakuna mtu aliyetuambia habari hii inaelekea huku! Tulikuwa tumeshika ile hukumu tukafunga kitabu, tukaenda nyumbani kula. Na tena kwetu sisi mwanamke mwenyewe hakuwa hata amezini. Nilijua wakati ule ule ninachotakiwa kufanya. Gari la Migori, njia ya Masara, lilikuwa linapita mbele ya nyumba yangu kila siku, nauli ninayo. Sikwenda. Niliogopa uso wake, na kila mwaka uliopita uliongeza woga, mpaka nikazoea kuogopa.

Akinyi ndiye aliyenifuata. Alianza kuniandikia akiwa darasa la sita, barua zenye mwandiko niliomfundisha mwenyewe jioni pale sebuleni. Akaja kukaa kwangu likizo, akasoma, akawa muuguzi, sasa anafanya kazi Rongo. Siku ya harusi yake mimi ndiye niliyemvisha. Mama yake hakuja, alikuwa mgonjwa, akatuma kuku na salamu. Miaka yote hiyo Akinyi hakuwahi kunitazama kwa jicho baya, nami nilijiambia labda mama amemweleza na wamenisamehe wote wawili kimya kimya. Ilinifaa kuamini hivyo.

Basi nilikwenda kuzika. Hema lilijaa, Dani alishafariki siku nyingi, Okoth mzee wa mkongojo. Nyuma kabisa kulikuwa na benchi la watu wa kanisa, na Mzee Eliakim yumo, amekunjamana, kipofu wa jicho moja. Akinyi akanishika mkono akanivuta kando ya nyumba, akanipa karatasi mbili. "Anti, nataka wewe usome historia yake. Miezi yake ya mwisho aliniambia niiandike, yeye anasema mimi naandika." Kisha akavuta pumzi. "Kuna mahali panapotaja kanisa. Soma tu kama palivyo. Mimi nilimchukia kwa hilo miaka mingi, Anti, usishangae. Kumwacha Mungu kwa ajili ya yule mwanaume wa Sori. Lakini nimeshamsamehe Mama."

Nilitafuta mahali kwenye karatasi, nikapaona, kwa mwandiko ule ninaoujua. Mwaka ule, iliandikwa, Dorka aliacha kanisa kwa hiari yake mwenyewe ili apate mume. Hakuwa amemwambia mtoto, ambaye aliona tu kwamba mama haendi tena kanisani na mwanamume ameingia nyumbani. Alijua Akinyi ananipenda na analipenda kanisa, na akaamua asimnyang'anye vyote viwili, akajitwika yeye jina la mwanamke wa Hosea mbele ya mtoto wake mwenyewe, miaka thelathini, na kufa amekufa nalo. Na mimi nilikuwa nikimlisha huyo mtoto mandazi Homa Bay, nikiitwa Anti!

Nilisimama mbele ya watu nikasoma. Alipozaliwa, nikasoma. Ndoa yake, nikasoma. Nilipofika pale nikaacha kusoma. Kipaza sauti kilikuwa kimeharibika, nikawa nasema kwa sauti yangu tu, na ilitoka ndogo. Nikasema, "Hapa pameandikwa jambo ambalo si kweli. Mama huyu hakuacha kanisa. Hakutaka mume. Alimkataa. Tulimtoa sisi, akiwa hana kosa, na aliyempeleka kwa wazee ni mimi."

Akinyi alikuwa kiti cha mbele, karibu na jeneza. Uso wake sitaueleza. Alishika mbao za jeneza, akamwangalia mama yake kupitia kioo kidogo cha kifuniko. Kisha akasimama, akageuka kulitazama benchi la kanisa, akanigeukia mimi.

"Rudia," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia. Safari hii nilipaza sauti, na nilianza kwa kutaja jina langu na la baba yangu.